Aina Nne za Ufundishaji Rika Chuoni: Uzoefu Wangu

Nikiwa chuoni nimetumia aina nne za ufundishaji rika, yaani wanafunzi kufundishana wao kwa wao, na ninachopima katika kila aina ni kimoja: nani anayefikiri zaidi pale mezani, mimi au anayenifundisha.

Miadi ya ana kwa ana, mwanafunzi mmoja na mkufunzi wake, ni bora katika kuibua pengo lililojificha. Nilipokwama kwenye uwezekano wenye masharti (uwezekano wa tukio moja pale jingine linapojulikana kuwa limetokea) katika somo la takwimu, mkufunzi wangu, mwanafunzi wa mwaka wa juu, hakunirudishia kanuni bali alinitaka nieleze kwa maneno yangu swali lilikuwa linauliza nini, na papo hapo ikabainika kwamba sikuwa ninatenganisha tukio lililokwisha kujulikana na lile linalotafutwa. Mkufunzi mwingine, mwenye ujuzi usio na shaka, alikuwa akichukua kalamu na kukokotoa mwenyewe hadi mwisho. Niliondoka na majibu safi ambayo nisingeweza kuyarudia peke yangu.

Kituo cha msaada kisichohitaji miadi kinafaa kwa swali moja linalokwamisha zoezi. Mitihani inapokaribia foleni hurefuka, na mkufunzi hana muda wa kukusikiliza.

Aina niliyoithamini kuliko zote ni vipindi vya nyongeza vinavyoambatana na somo mahususi. Mfumo huu ulianzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, Marekani, na busara yake ni kwamba unalenga masomo magumu badala ya wanafunzi dhaifu. Kwa kuwa mlango uko wazi kwa wote waliosajiliwa katika somo hilo, aliyefeli na aliyefaulu huketi pamoja, na hakuna anayeona haya kuhudhuria. Kiongozi ni mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo, naye huhudhuria tena mihadhara pamoja nasi, hivyo anajua mhadhiri alisema nini wiki hii na ni wapi darasa zima lilinyamaza. Harudii mhadhara. Ukiuliza swali, analirudisha kwa kikundi, jambo linaloudhi mwanzoni, hasa kwa mtu aliyechoka na anayetaka jibu tu, lakini ni katika kubishana na wenzangu ndipo dhana nyingi zilipoanza kukaa akilini.

Kufundishana kwa zamu, ambapo wawili walio katika somo moja hubadilishana nafasi ya mwalimu na mwanafunzi, kulinisaidia zaidi wakati wa marudio, kwa sharti kwamba wote wawili tumesoma kabla ya kukutana. Vinginevyo kosa la mmoja huwa la wote, kwa sababu hakuna wa kulisahihisha.

Kwa mwanafunzi anayeanza somo gumu, ningependekeza vipindi vya nyongeza tangu wiki ya kwanza, na miadi ya ana kwa ana pale tu anapoona kwamba wenzake wanaelewa hatua ambayo yeye bado haioni.