Spoila ya nyuma kwenye Fielder yangu: vumbi liko palepale

Wakuu, nina Toyota Fielder ya 2008, injini ya 1NZ, ilitoka Japani haina spoila. Mwaka jana nikanunua ya faiba, ile inayokaa ukingoni mwa paa juu ya kioo cha nyuma, laki na themanini pamoja na rangi na ufundi. Muuzaji akanijaza weee, gari itatulia, utasevu wese, na kioo hakitashika vumbi tena. Hilo la vumbi ndo lilinitoa hela, maana kwetu ukiacha lami pale Gairo ni vumbi jekundu mpaka nyumbani, ukifika nyuma huoni kitu.

Safari ya kwanza tu kioo chekundu kama kawaida. Nikaona isiwe shida, nikabandika vipande vya uzi wa sufu kwa selotepu, vingine paani vingine kwenye kioo, nione upepo unapitaje, shemeji akanifuata na gari yake huku mwanae anarekodi na simu, tuko kwenye spidi 80 hivi. Nyuzi za paani zimelala zimenyooka mpaka kwenye spoila, za kioo zinahangaika hovyo na zingine zinaelekea juu! Yaani upepo ukifika mwisho wa paa unaachia, na hizi gari nyuma zimekatwa wima kama kabati, kwa hiyo pale panabaki presha ndogo inayovuta vumbi la matairi toka chini na kulipandisha kwenye kioo. Spoila imesogeza tu mahali upepo unapoachia. Zile Volvo 240 za zamani za mgongo mrefu zilikuwa zinafungwa kibao kilichoachiwa uwazi na paa, hewa safi inapita kwenye uwazi inashuka kufagia kioo, mi ndo nilitakiwa nitafute kitu kama kile.

Wese napima kwa kujaza tenki, kilomita 14 kwa lita kabla na 14 baada. Ukinzani wa upepo kwenye 100 ni mara nne ya kwenye 50, sasa mtu uko foleni ya Ubungo spoila inakusaidia nini?

Kutulia, nikiwa 100 naona nyuma haiyumbi sana, ila wiki hiyohiyo nilibadili shokapu so siapi.

Halafu fundi hakutia silikoni kwenye matundu ya bolti, mvua ya kwanza maji mpaka kwenye buti, nikaziba mwenyewe.

Sijaitoa lakini, imeipendeza gari. Kitambaa cha kufutia kioo bado kipo mlangoni.