Vikopo vya malai "vinavyooza": nilivifukia shimoni Chake Chake nikangoja hadi Mfungo Sita

Nauza malai na aiskrimu za nyumbani hapa Chake Chake, mwaka wa sita huu. Za ukwaju, za ubuyu, za embe wakati wa maembe, na za maziwa zilizotiwa tui la nazi na iliki, ambazo ndizo zinazonilipia umeme wa friza. Siku za kawaida nauzia barazani kwangu. Sikukuu nahamia Tibirinzi, kwenye viwanja vya watoto, siku zote nne.

Asubuhi baada ya sikukuu ya nne, mwaka juzi, nilirudi uwanjani kuchukua meza yangu. Mvua ya masika ilikuwa imepiga usiku kucha, na maji yalikuwa yamevikokota vikopo na vijiko vya plastiki mpaka mtaroni, vimelaliana kama dagaa juu ya jamvi. Vingi vilikuwa vyangu. Navijua, maana mimi peke yangu niliyenunua vya rangi ya waridi. Na maji ya mji huu mwisho wake ni horini, kwenye mikoko. Nilisimama pale nikaona haya, nikaanza kuokota hadi gunia likajaa, na bado vilibaki.

Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, miaka 13 kabla ya Bara kufanya hivyo Juni 2019. Lakini katazo lile sisi wafanyabiashara tulilichukua kuwa la mifuko ya kubebea tu. Kikopo cha malai na kijiko chake tuliendelea navyo kama kawaida, nami nikiwamo.

Basi nikaagiza vinavyooza kwa muuzaji mmoja wa Unguja. Aliniambia kwa simu: "Bibie, hivi vyote vinaoza, hata ukivitupa." Maboksi yakaja na meli hadi Mkoani. Ndani mlikuwa na vikopo vya makapi ya miwa vya mililita 120, vikopo vya karatasi vilivyopakwa utando ndani, vijiko vya mbao, na vijiko vyeupe vigumu ambavyo ukivishika huwezi kuvitofautisha na plastiki. Kikopo cha plastiki nilikuwa nakipata kwa shilingi 90. Cha makapi ya miwa kilinifikia kwa 320. Malai ya maziwa nilikuwa nauza 1,000, kwa hiyo uone mwenyewe palipouma.

Nianze na friza, maana chombo kisichohimili baridi hakina haja ya kuozeshwa. Kikopo cha makapi ya miwa ni kinene kidogo, kama trei ya mayai iliyolainishwa, na kikitoka boksini kina harufu hafifu ya majani makavu. Malai ya maziwa ilikaa vizuri sana. Ya ukwaju ndiyo iliyonitesa. Mara ya kwanza nilimimina juisi ikiwa maji maji, nikapanga vikopo 40 kwenye friza, nikaenda kulala. Asubuhi vikopo vya chini vimelowa matako na vimegandana na trei. Kimoja nilikivuta, kitako kikabaki kwenye trei na malai ikabaki mkononi mwangu. Kumbe juisi ilipata saa nzima ya kunyonywa kabla haijaganda. Baadaye nikawa naiweka kwanza kwenye bakuli kubwa ndani ya friza, naikoroga kila baada ya muda, ikifika uzito wa uji ndipo naijaza vikoponi. Tangu hapo sikupoteza hata kimoja. Pia nimeona jambo lililonifurahisha: kikopo hiki hakitiririshi jasho kama cha plastiki, na mtoto anakishika bila kukihamisha mkono huu na ule kwa baridi.

Kikopo cha karatasi hakina neno kwenye friza. Ni imara, hakilowi, na juisi unaimimina vyovyote. Kingekuwa changu cha kwanza kama mambo yangeishia pale.

Vijiko: vyeupe vina nguvu lakini malai ikiwa ngumu vinakatika pap, na kipande kinaruka. Mtoto mmoja kilimrukia shavuni, nikavitoa mezani siku hiyo hiyo. Vya mbao havikatiki. Ubaya wake ni kwamba vingine vina makali ya pembeni, nami hukaa na binti yangu usiku tukivipitisha vidoleni kimoja kimoja, na malai ya maziwa ukiilamba hadi mwisho unaonja mti. Wateja wazima wawili walilalamika. Watoto hawajasema kitu.

Sasa shimo. Nyuma ya jiko langu pana shimo la mboji karibu na migomba: maganda ya ndizi na maembe, majani makavu ya mgomba, samadi ya mbuzi, na maji ya kuoshea mchele. Sikukuu ilipokwisha, Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, nilichukua vitano vitano vya kila aina, nikavitia kwenye nyavu za vitunguu ili nisivipoteze, nikavifukia kina cha mkono hadi kiwiko. Nikachomeka na kipande cha nondo. Wiki ya kwanza nikikichomoa kilikuwa na joto la kikombe cha chai unachoweza kukishika bila kitambaa. Baada ya hapo likashuka, shimo likabaki na uvuguvugu tu.

Mfungo Tatu nilifukua. Vikopo vya makapi ya miwa vilikuwa kama mkate uliolowa. Nilipokigusa kimoja, kidole kilipita, na mle ndani mlikuwa na mnyoo mwekundu amejikunja. Vijiko vya mbao vimegeuka vyeusi, viwili vimeshaliwa na mchwa. Vya karatasi vilionekana vimekwisha, nikafurahi, mpaka nilipotikisa wavu. Karatasi ilikuwa imekwenda zake, lakini utando wa ndani ulibaki mzima, mwembamba na mlaini, una umbo la kikopo, kama ngozi aliyoivua nyoka. Na vijiko vyeupe? Vilikuwa vijiko vyeupe. Nilikiosha kimoja kikawaka.

Nikavirudisha. Mfungo Sita, wakati watu wanajitayarisha na maulidi, nikafukua tena. Wavu wa makapi ya miwa ulikuwa mtupu, una udongo mweusi tu. Wa mbao ulikuwa na vibanzi vilivyovunjika nilipovishika. Utando umechanika vipande vipande lakini upo. Vijiko vyeupe, vyote vitano, nilivihesabu.

Hapo ndipo nilipokaa nikasoma, na ningemsihi kila mfanyabiashara asome kabla ya kutoa pesa. Neno "kinaoza" kwenye boksi lina maana mbili. Ya kwanza ni kuoza kiwandani: lundo kubwa linalosimamiwa na kufikishwa joto la karibu nyuzi 58, wiki kadhaa mfululizo. Kipimo cha Ulaya cha namna hii huandikwa EN 13432. Vijiko vyangu vyeupe na ule utando ni PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya muwa. Asili yake ni shamba, ni kweli, lakini bila joto lile inakaa tu. Maana ya pili ni kuoza nyumbani. Alama niliyoijua mimi ni OK compost HOME ya TÜV Austria, shirika la kupima na kuthibitisha bidhaa: kitu hupimwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, kinatakiwa kisambaratike ndani ya miezi 6 na kimeng'enywe na vijidudu kwa asilimia 90 ndani ya miezi 12. Nyuzi 20 hadi 30 ndiyo hali ya hewa yetu sisi, kaskazi na kusi. Boksi la vikopo vya makapi ya miwa lilikuwa na alama hiyo. La vijiko vyeupe lilikuwa na EN 13432 peke yake, nami nilipokea yote kwa neno moja la simu. Kwa mtu wa Pemba mwenye shimo nyuma ya jiko, kitu cha kiwandani ni plastiki tu iliyobadilishiwa jina.

Lingine la kuuliza ni PFAS. Hizi ni kemikali zenye florini ambazo baadhi ya viwanda vilizitia kwenye vyombo vya makapi ili visinyonye mafuta na maji. Kikopo kitaoza, zenyewe haziozi, na ndizi zangu ziko pale pale. Mwulize muuzaji akupe maandishi kwamba hazimo. Mimi nilipewa karatasi ya kiwanda mara ya pili nilipoagiza, baada ya kuikazania.

Vifuniko ndilo jambo ambalo bado linanikera. Nilivilipia kama sehemu ya seti "inayooza". Vilikuja vya kioo kioo, vinang'aa. Nikavigeuza nikaona pembetatu yenye namba 1, yaani PET, plastiki ile ile ya chupa za maji. Nilimpigia muuzaji. Akasema kiwanda ndivyo kinavyotuma. Alinirejeshea nusu ya fedha, na nashukuru, ila hakubadilisha maneno kwenye tangazo lake. Siku hizi nafunika trei nzima kwa sinia, natoa kikopo kikiwa wazi. Kwa malai inayoliwa hapo hapo inatosha. Kwa anayetaka kuchukua nyumbani, aje na bakuli lake.

Halafu kuna hili, ambalo boksi haliwezi kukuambia: kikopo cha kuoza nyumbani lazima kifike nyumbani. Kikibaki mtaroni kitakwenda mikokoni kama vile vya waridi. Sikukuu iliyofuata niliwatangazia watoto: vikopo kumi, malai moja ya ubuyu. Subhanallah! Saa kumi jioni foleni ya wanaorudisha ilikuwa ndefu kuliko ya wanaonunua. Kijana mmoja wa miaka minane hivi, kanzu imeshavaa rangi ya ukwaju kifuani, alileta vikopo 30 vilivyopangwa ndani ya kofia yake. Hakununua kwangu hata kimoja, aliviokota uwanja mzima, na ndani mlikuwa na vya plastiki vya wenzangu. Nikampa malai zake tatu, na kofia nikaisuuza.

Kwa malai ya 1,000 siwezi kubeba 320 peke yangu. Nimepandisha bei hadi 1,200 kwa za maziwa, na nikawaeleza wateja kwa nini. Za ukwaju na ubuyu nazitoa kwa kijiti cha mbao bila kikopo, 500 kama zamani. Bi mkubwa mmoja jirani yangu alinishauri nirudi kwenye vifuu, vikwanguliwe na kung'arishwa, kama tunavyotengeneza upawa. Nimejaribu kumi na viwili. Vinapendeza mno na malai inakaa humo bila kuyeyuka haraka, lakini kimoja kinanichukua robo saa ya msasa, na lazima virudi kuoshwa. Navitumia barazani tu.

Kwa sikukuu ijayo nimeshaagiza vikopo 600 vya makapi ya miwa na vijiko vya mbao 600, hakuna karatasi, hakuna vyeupe. Shimo la pili nimelichimba upande wa mgomba wa mkono wa tembo. Vile vifuniko 200 bado vimo chumbani ndani ya boksi lao. Mwenye kuatika miche ya nyanya au pilipili aje avichukue bure, vinafunika vizuri mche mchanga.