Kozi ya tathmini ya filamu: msahihishaji ndiye aliyestahili ada yangu

Juzi nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki sita inayofundisha jambo moja tu: kuandika insha ya tathmini kuhusu filamu ya hali halisi. Inafaa, tena sana, ila si kwa sababu wanazozitangaza wenyewe, na zipo sehemu ambazo ningekushauri uziruke.

Nilijiunga kwa sababu nilikuwa nimekwama. Nasoma shahada kwa masafa, usiku, watoto wakishalala, na insha yangu ya filamu ilikuwa imerudishwa mara mbili ikiwa na maneno yaleyale mekundu: "Huu ni muhtasari." Mara ya pili iliniuma. Nilikuwa nimeongeza kurasa mbili nzima na bado sikuona kosa liko wapi.

Unacholipia ni vitu vitatu: video za mihadhara, kiolezo cha insha, na msahihishaji mmoja anayesoma rasimu zako tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Video si mbaya, ni ndefu tu. Utasimuliwa jinsi mkosoaji wa filamu John Grierson alivyoipa aina hii ya filamu jina la Kiingereza, "documentary", mwaka 1926, kisha utaorodheshewa aina za filamu za hali halisi: ya kuelezea, ya kutazama tu bila kuingilia, ile ambayo mwongozaji mwenyewe anaingia ndani ya picha, na kuendelea. Nilinakili orodha yote kwenye daftari na sikuigusa tena.

Kiolezo ndicho kilichonikera. Utangulizi, aya tatu, hitimisho. Aya ya kwanza picha, ya pili sauti, ya tatu ujumbe. Filamu tuliyopewa ilikuwa Nanook of the North ya mwongozaji Robert Flaherty, iliyotoka mwaka 1922, inayomfuata Nanook, mwindaji wa jamii ya Inuit, na familia yake katika Aktiki, eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia. Ni filamu bubu, isiyo na sauti hata chembe, na kiolezo kinadai aya nzima ya sauti. Kwa kuwa nakala niliyoitazama ilikuwa na muziki, niliandika nusu ukurasa nikiusifu jinsi unavyopanda theluji inapochafuka. Msahihishaji aliandika pembeni: "Muziki huu aliuweka nani, na lini?" Nikarudi kuangalia. Uliongezwa miaka mingi baadaye kwenye nakala hiyo. Nilikuwa nimempa Flaherty alama kwa kazi ya mtu mwingine. Waandaaji wa kozi wanapaswa kukitupa kiolezo hicho au angalau kukilinganisha na filamu wanayoifundisha. Anayeanza hawezi kujua kwamba kosa liko kwenye karatasi aliyopewa.

Nije kwa huyo msahihishaji. Hatukuwahi kuonana wala kusikiana sauti, tuliandikiana tu. Mimi nilimwita mwalimu, yeye aliniita kwa jina. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba filamu ni nzuri na inaelimisha. Alilizungushia duara neno "inaelimisha" akauliza: inamwelimisha nani, kuhusu nini, na wewe umejuaje? Hakuandika "muhtasari". Aliandika kwamba nimetoa hukumu kabla ya kumwambia msomaji ninapima kwa kipimo gani. Kisha akanipa kazi: tazama mara tatu. Mara ya kwanza kama mtazamaji yeyote, bila kalamu. Mara ya pili zima muziki, andika kila tukio na dakika yake. Mara ya tatu tazama matukio manne tu utakayoyatumia, ukisimamisha picha, huku ukijiuliza kamera imesimama wapi.

Swali hilo la kamera ndilo lililonifungua macho. Kuna tukio familia ya Nanook inalala ndani ya nyumba ya theluji. Wanavua nguo, wanajifunika ngozi, watoto katikati. Nilikuwa nimeliandikia aya ya huruma kuhusu joto la familia ndani ya baridi kali. Niliposimamisha picha nikaona mwanga umejaa mno na kamera iko mbali mno. Ndani ya nyumba ndogo kama ile mpiga picha asingepata nafasi ya kurudi nyuma kiasi hicho. Nikasoma, nikakuta habari inajulikana siku nyingi: nyumba ya kweli ilikuwa finyu na yenye giza kwa kamera ya wakati ule, hivyo ikajengwa nyingine kubwa iliyoachwa wazi upande mmoja. Wale watu walikuwa wanavua nguo kwenye baridi ya nje.

Rasimu ya pili niliiandika kwa hasira. Nanook hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Kwenye tukio la gramafoni anaing'ata santuri kama mtu asiyejua ni kitu gani, ilhali alikuwa anaijua. Wanawinda walarasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe ndefu, kwa chusa wakati tayari walikuwa na bunduki. Filamu iligharamiwa na Revillon Frères, kampuni ya biashara ya manyoya, na kituo cha biashara kinachoonyeshwa kwa upole mle ndani ni cha aina yao. Nikahitimisha kwamba hii ni filamu ya uongo, haifai kuitwa ya hali halisi.

Hapo ndipo huduma iliponiangusha. Wanaahidi majibu ndani ya siku 3. Mimi nilingoja siku 9. Niliandika mara mbili kuuliza, nikajibiwa na ujumbe wa kujiendesha unaonishukuru kwa uvumilivu. Kwa mtu mwenye tarehe ya kuwasilisha kazi chuoni, siku hizo sita za ziada ni nyingi, na hakuna aliyeniomba radhi hadi leo. Nisingekuwa nimeonja rasimu ya kwanza, ningedai hela yangu.

Majibu yalipokuja yalikuwa na thamani ya kungojewa, lazima niseme hivyo. Mwalimu hakupinga ukweli hata mmoja niliouorodhesha. Aliandika: "Umehama kutoka kusifu hadi kulaani na bado hujapima. Filamu hii ilimwahidi nini mtazamaji? Anzia hapo." Nikarudi mwanzo kabisa, kwenye kichwa chenyewe. Chini ya jina kuna maneno yanayoahidi hadithi ya maisha na mapenzi katika Aktiki halisi. Neno "halisi" wameliandika wao. Basi kipimo changu kikatoka ndani ya filamu, hakikutoka kichwani kwangu wala kwenye kiolezo: je, tukio hili linatimiza neno hilo?

Baada ya hapo kazi ikawa nyingine kabisa, maana sikuweza tena kuihukumu filamu kwa jumla. Tukio la kulala linavunja ahadi. Tukio la chusa ni gumu zaidi: walarasi ni wa kweli, kamba inawavuta wanaume kweli, hatari ni ya kweli, lakini namna ya kuwinda ni ya kizazi kilichotangulia na mtazamaji haambiwi. Nikaandika hivyohivyo, bila kulazimisha ndiyo au hapana.

Kisha kuna dirisha. Kama utaitazama filamu hii kwa sababu moja, itazame kwa ajili ya dirisha. Nanook anajenga nyumba ya theluji kwa kisu cha pembe, anakilamba, mate yanaganda na kukipa makali. Anakata matofali ya theluji, anayapanga kwa mzunguko yakiegemeana hadi juu. Ukuta ukishafungwa, anaenda kukata bamba la barafu angavu, anatoboa nafasi ukutani, analipachika na kuziba pembeni kwa theluji. Halafu anachukua tofali jingine la theluji na kulisimamisha nje kando ya dirisha, likinge mwanga na kuurudisha ndani. Hakuna maelezo marefu, unaona tu anapoliweka, unaelewa. Nilisimamisha picha pale na kukaa kimya kwa muda. Katika rasimu mbili za mwanzo tukio hili sikuwa nimelitaja, kwa sababu halikuwa "tukio" kwenye muhtasari wangu. Hakuna linalotokea, mtu anaweka dirisha.

Niliandika kurasa mbili juu ya dirisha hilo. Hoja yangu ilikuwa kwamba ustadi wa mikono hauwezi kuigizwa: unaweza kumwambia mtu ang'ate santuri, lakini huwezi kumwambia ajenge nyumba ya theluji kama hajui. Kwa hiyo filamu hii inasema kweli pale inapotazama mikono, na inapotosha pale inapotuonyesha familia na ulimwengu wao ulivyokuwa mwaka ule. Niliamini hoja hiyo, na bado naiamini. Chuo kimeipokea insha.

Kwa anayefikiria kujiunga: video tazama mbili za kwanza tu. Kiolezo kiache. Rasimu ya kwanza itume mapema, hata ikiwa haijakamilika, ili ucheleweshaji wao usikukute ukingoni mwa tarehe. Na ukipata msahihishaji anayeuliza maswali badala ya kukusahihishia herufi, mng'ang'anie kwa rasimu zote tatu, kwa sababu wanaruhusu kubadilisha na wengi hubadilisha wakiona maswali yamezidi.

Rasimu ya tatu ilirudi ndani ya siku mbili ikiwa safi, isipokuwa alama moja ya swali kando ya hoja yangu ya mikono. Chini yake mwalimu aliandika: "Nakubali alijua kujenga. Lakini siku hiyo, nani aliyemwomba ajenge?" Nimeifungua filamu mara mbili tangu nilipousoma mstari huo, na mara zote mbili nimesimamisha palepale, kwenye bamba la barafu linapoingia ukutani.