Kuagiza vipuri vya kiwandani vilivyochapwa kwa 3D: nailoni yao naiamini, chuma chao kina masharti

Ninasimamia matengenezo kwenye kiwanda cha kujaza vinywaji chupani. Vipuri vyetu vingi vya plastiki, na vichache vya chuma, sasa vinatoka kwa kampuni ya kuchapa kwa 3D: unawatumia faili ya mchoro, unachagua malighafi, wanachapa na kukuletea. Jina lao siliweki, maana nina sifa za kuwapa na nina malalamiko, na mengi kati ya haya utakutana nayo ukiagiza kwenye huduma yoyote ya aina hii.

Nianze na kazi iliyonifanya niwathamini. Mashine inayopanga chupa kwenye makasha ina kichwa kinachozishika kwa kunyonya hewa. Kile cha zamani kilikuwa cha alumini: bamba mbili zilizotobolewa, gasketi ya kuzuia uvujaji katikati, mipira ya kupitishia hewa pembeni, na bolti za kubana vyote hivyo. Kila kiungo kilikuwa mahali pa kuvuja. Nilipowapelekea mchoro, hawakukimbilia kuchapa. Mhandisi wao alipiga simu akauliza maswali ya fundi: kinabeba uzito gani, kinakwenda kasi gani, kinaoshwa kwa dawa gani, maji ya kuoshea yana joto kiasi gani. Kisha akashauri tuache kunakili umbo la zamani. Drili hutoboa mstari ulionyooka tu, ndiyo maana kichwa cha alumini kilihitaji bamba mbili na gasketi. Printa huyeyusha poda na kujenga tabaka juu ya tabaka, kila moja na unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo njia ya hewa inaweza kupinda ndani ya kipande chenyewe.

Kilichokuja ni kipande kimoja cha nailoni 12 (aina ya plastiki imara), bila gasketi hata moja. Alumini ina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya nailoni hii kwa ujazo uleule, na mkono wa roboti unaoinua na kushusha siku nzima ulinufaika mara moja. Jambo dogo lakini la kitaalamu: walinitaka nipanue njia moja na kuongeza tundu la kutolea poda, ambalo baadaye huzibwa kwa kizibo. Poda isiyoyeyuka hubaki imegandamana ndani ya njia nyembamba, na ikibaki humo itaishia kwenye pampu ya kunyonya hewa. Fundi anayefikiria hilo kabla mashine haijawashwa namheshimu sana.

Uvumilivu wao pia naupa alama za juu. Katika uchapaji huu wa nailoni, poda hupashwa moto hadi karibu na kiwango cha kuyeyuka, kisha leza humalizia kuyeyusha pale panapotakiwa tu. Poda iliyobaki ndiyo inayokishikilia kipande, kwa hiyo hakuna haja ya nguzo za kukiegemeza. Lakini uchapaji ukiisha, tanuri zima lazima lipoe polepole, mara nyingi kwa saa nyingi kama zile za kuchapa. Tulipokuwa na dharura niliwaomba wakitoe mapema, wakakataa katakata kwa kuwa kipande kinachotolewa kikiwa bado na moto hujikunja. Afadhali kusubiri kuliko kupokea kipande kisichokaa mahali pake.

Vipimo vyao ni vya kawaida kwa nailoni, tofauti ya takriban milimita 0.3 huku au huku kwa vipande visivyozidi kimo cha kiganja. Mahali pa beringi lazima pakerezwe baadaye. Uzi wa skrubu usichapwe. Waagize waweke viingizo vya shaba vyenye uzi ndani, ni huduma yao na wanaifanya vizuri. Uso wa nailoni hii una chembechembe na vitundu vidogo vinavyoshika uchafu, kwa hiyo kinywaji chenyewe sikiruhusu kiguse nailoni hii. Nje ya chupa, sawa.

Sasa chuma. Tuliagiza impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalozunguka ndani ya pampu, ya chuma cha pua kwa ajili ya pampu ya zamani ambayo watengenezaji wake hawaitolei tena vipuri. Lalamiko langu ni kwamba ukurasa wao wa oda unakionyesha chuma kama nailoni: bonyeza, subiri, pokea. Sivyo kabisa. Poda ya chuma huyeyushwa kwa leza ndani ya chumba cha gesi ya argoni, na kipande huungwa kwenye bamba la chini kwa nguzo za chuma kilekile ili kisijipinde kwa msongo wa joto. Lazima kiingizwe tanurini kutuliza msongo huo, kikatwe kutoka kwenye bamba, ndipo nguzo ziondolewe na sehemu muhimu zikerezwe. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyoelezwa. Impela ilifika na uso wa kukwaruza katikati ya mapanga, pale ambapo kifaa chochote cha kusugulia hakifiki, na kazi ya kuisawazisha izunguke bila mtetemo ikabaki kwetu. Kwa umbo lile ingefaa zaidi kuchapa kalibu ya mchanga, kisha kumimina humo chuma kilichoyeyushwa. Teknolojia ni ileile ya tabaka, na walipaswa kunishauri hivyo kama walivyonishauri kwenye nailoni.

Sisemi kuchapa chuma hakuna maana. Pua ya kunyunyizia mafuta ya injini ya ndege ya LEAP, ambayo kampuni ya Marekani ya GE huichapa, imechukua nafasi ya vipande karibu 20 vilivyokuwa vikiunganishwa, na ni nyepesi kwa asilimia 25. Vikombe vya nyonga bandia vya titani huchapwa vikiwa na uso wa vitundu ili mfupa uote ndani yake. Hapo umbo lenyewe linailipa gharama. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, limekuwa likichapa vipuri vya treni tangu 2015, na hali yao ndiyo inayofanana na yangu: mashine bado nzima, kipuri hakipo sokoni, kinatakiwa kimoja au viwili. Ila hata kwenye hali hiyo lazima mtu akuulize kwanza kipuri kitafanya kazi gani.

Jambo moja zaidi, kuhusu nyaraka za oda. Poda ya nailoni iliyobaki huchanganywa na mpya na kutumika tena, na ikizeeka uso wa kipande huharibika. Ukiwaomba, wanakuandikia kiwango cha mchanganyiko na namba ya bechi. Usipoomba, hupati. Andika ombi hilo kwenye oda.

Nailoni nawapa nyota tano, chuma mbili. Vipande vipya vya kuongozea chupa mashineni tayari wanavichapa wao; mchoro wa impela inayofuata nimeupeleka kwa wachapaji wa kalibu za mchanga.