Uzoefu wangu: rufaa ya pumu, kutoka asilimia 30 hadi 60

Nilikuwa mwanajeshi wa Marekani huko Balad, Iraki, mwaka 2007. Shimo la kuchomea taka liliwaka usiku na mchana: plastiki, matairi, betri, vyote vikimwagiwa mafuta ya ndege. Ukipenga kamasi asubuhi, leso inatoka nyeusi. Pumu ilinianza miaka mitatu baada ya kuvua sare.

Sheria ya PACT, ya Marekani kwa maveterani waliokumbwa na sumu kazini, iliyosainiwa Agosti 10, 2022, ndiyo iliyonifungulia mlango. Kwa sisi tuliohudumu Iraki, pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi huhesabiwa kuwa imetokana na utumishi. Huhitaji tena kuhangaika kuthibitisha chanzo. Nilipeleka dai kwa VA, idara ya maveterani ya Marekani, Juni 2023, nikapewa asilimia 30 ya ulemavu, kipimo kinachoamua malipo ya kila mwezi: kiwango cha mtu anayetumia inhela kila siku. Daktari wa mkataba aliyenipima alinipulizisha kwenye mashine, akauliza habari za inhela, basi. Vidonge vya prednisone, steroidi ya kumeza, hakuviuliza, nami sikujua kama vina uzito wowote.

Kampuni moja ikanipigia simu: watanisaidia rufaa, wakishinda niwalipe mara tano ya nyongeza yangu ya mwezi. Nilikuwa nimeshika kalamu. Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, subiri kwanza."

Ndipo nikaenda kwa mwakilishi wa chama cha maveterani, aliyeidhinishwa na serikali. Huduma yake ni bure. Ni mzee aliyepigana Vietnam. Nilimpelekea mfuko wa dawa zangu, akazimwaga mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma lebo moja moja na kuandika tarehe kwa penseli. Januari. Mei. Oktoba. Akaizungushia duara ile ya tatu, akaniambia kozi tatu za steroidi za kumeza kwa mwaka ni asilimia 60. Imeandikwa hivyo kwenye kanuni. Nilinyamaza kabisa. Mwaka mzima ushahidi ulikuwa kwenye kabati la bafuni kwangu.

Akanieleza njia tatu za rufaa. Mapitio ya ngazi ya juu hayapokei ushahidi mpya, kwa hiyo yasingenifaa. Bodi ya Rufaa za Maveterani huchukua muda mrefu. Tukachagua dai la nyongeza, linalopokea ushahidi mpya, fomu 20-0995, tukaambatisha kumbukumbu za famasi na barua ya mke wangu kuhusu usiku anaoniketisha kitandani nipate pumzi. Alisisitiza tuwahi kabla mwaka haujaisha tangu uamuzi wa kwanza, ili tarehe ya kuanzia malipo isipotee.

Februari 2025 jibu likaja: 60, na malimbikizo kuanzia Agosti 2022.

Chama hicho cha maveterani nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ofisi yao haipokei simu. Wiki sita nilipiga bila jibu, mpaka nikaenda mwenyewe alfajiri. Ukiweza, nenda hivyo hivyo, na ubebe chupa za dawa, hata zilizoisha.

Dai la sainasi bado liko njiani. Safari hii kila shambulio naliandika kwenye kalenda ya jikoni siku ileile linapotokea.