Antena tatu nilizojaribu kwenye boti Hombolo, na moja iliyobaki juu ya mlingoti

Wakuu mbukwenyi. Mi naishi Dodoma mjini, Ilazo huku, ila ijumaa nikitoka kazini nashika njia ya Hombolo, kilomita kama 40 hivi, tuna boti yetu pale bwawani mimi na mjomba. Sio mtumbwi, ni boti ya mbao ya mita 7 ina paa na vitanda viwili, tunatega nyavu jioni, tunatia nanga, tunalala humo humo mpaka alfajiri. Perege na kambale wapo wa kutosha. Shida ilikuwa moja tu, saa mbili usiku. Mjomba ana miaka 68 na taarifa ya habari ya TBC1 hajawahi kuiacha kwa hiari yake, akikosa habari usiku mzima anakuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mi naye nikapania, nikasema huyu mzee atatazama habari akiwa majini. Imenichukua karibu miezi mitano na antena tatu, naandika hapa ili mwenye boti Hombolo au Mtera au popote asipoteze hela kama mimi.

Umeme kwanza niumalize haraka maana sio tatizo. TV ya sola inchi 19 ya volti 12, king'amuzi cha antena nacho cha volti 12, betri N70, paneli moja juu ya paa. Vyote viwili vikiwaka havifiki hata wati 40, kwahiyo habari pamoja na tamthilia baada yake betri wala haishtuki.

Antena ya kwanza ni hii ya kawaida tuliyonayo majumbani, ndefu yenye vijiti kama mfupa wa samaki, nilinunua mjini 25,000. Hii kwa nguvu ya kuvuta haina mpinzani, tulipokuwa bado tumefunga boti kwenye kigingi ufukweni nikaielekeza upande wa mjini, ile mistari miwili kwenye king'amuzi, wa nguvu na wa ubora, yote ikapanda, picha safi kabisa, mjomba akafurahi tukasukuma boti. Asa tulipotia nanga ndo nikaelewa boti sio nyumba. Boti ikiwa kwenye nanga inaufuata upepo, omo, yaani mbele ya boti, inageukia unakotoka, na upepo wa Dodoma mnaujua hautulii, inazunguka taratibu unaweza usihisi ila kila dakika chache mmeangalia upande mwingine. Na antena hii inavuta kwa upande mmoja tu, ikigeuka digrii 30 hivi mawimbi yanaanza kushuka. Enzi za analojia ungeona chenga lakini ungeendelea kusikia mtu anaongea, digitali haina huruma hiyo, picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza mara mbili halafu kioo cheusi. Mjomba akatoka nje na tochi mdomoni akawa anazungusha mlingoti kwa mikono yote miwili, mi ndani namwambia mjomba rudi kidogo, hapo hapo, eeh hapo, umepita. Tulishika habari nusu. Wiki iliyofuata vilevile. Mzee wa umri ule kusimama kwenye upepo usiku ili nyie wengine mwone TV, hapana, roho iliniuma.

Basi nikarudi mjini, duka moja sitalitaja, muuzaji akanipa antena fupi ya plastiki yenye busta ndani, boksi limeandikwa inashika kilomita 500. Niwaambie ukweli na mkumbuke hili mkiwa dukani, mawimbi ya TV yanaenda karibu mstari ulionyooka na dunia ina mkunjo. Kuna hesabu mafundi wanaitumia, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita zidisha kwa 4.12, halafu fanya hivyo hivyo kwa mnara, jumlisha, hizo ndo kilomita zako kama hamna mlima katikati. Antena ya mita 4 inakupa kilomita 8 na ushee, mnara wa mita 100 unakupa 41, jumla haifiki hata 50, mnara ukikaa juu ya kilima ndo unaongezeka. Hizo 500 za kwenye boksi zinatoka wapi? Na busta haitengenezi mawimbi, inakuza kile kilichofika tayari pamoja na uchafu wake wote, kama kilichofika ni kidogo utapata kidogo chenye makelele makubwa. Ilishika vituo viwili ikakataa TBC1. Nilipoirudisha wakasema ikishafunguliwa hairudi. Elfu 45 imeenda.

Ila kuhangaika nayo kulinifundisha kitu kikubwa. Usiku mmoja mjomba alizima taa ili tuokoe betri, palepale TBC1 ikaja. Akawasha, ikapotea. Tulirudia mara nne hatuamini. Zile balbu za LED za bei rahisi za volti 12 zina kisakiti ndani kinachotoa makelele ya redio yanayoingia kwenye antena, na vichaja na inveta nyingi ziko hivyohivyo. Nimebadilisha balbu na nimesogeza waya wa antena mbali na waya za sola. Kabla hujanunua antena mpya zima kila kitu botini ubaki na TV na king'amuzi tu uone.

Ya tatu ndo hii iliyobaki. Ni duara kama sahani mbili zilizofunikana, nyeupe, inashika pande zote kwa mpigo. Wenye boti za matembezi baharini wanazijua siku nyingi, Glomex wa Italia wanazitengeneza na Shakespeare wa Marekani nao, yangu haina jina kubwa, niliagiza Dar kwa 190,000 pamoja na nauli ya basi. Nisidanganye, kwa nguvu haifiki ile ya mfupa wa samaki, ukizisimamisha pamoja ufukweni mstari wa nguvu unashuka kama robo. Lakini boti inazunguka inavyotaka na picha haitikisiki, na kwa mtu aliyelala kwenye nanga hilo ndo la maana. Upungufu wa nguvu nimeufidia kwa kimo, nimeitoa kwenye paa nikaipandisha juu ya bomba la mita 6, vituo vitatu vilivyokuwa vinagandaganda vikatulia vyenyewe bila busta ya ziada. Angalia pia antena za nyumba za jirani, vijiti vyake vimelala au vimesimama, ndivyo mawimbi ya mnara wenu yanavyokuja, maana hizi za duara nyingi zimetengenezwa kwa mawimbi ya kulala.

Kasoro yake ni kiungio cha waya pale chini. Maji ya Hombolo yana chumvichumvi, baada ya miezi miwili picha ikaanza kusumbua, nikafungua nikakuta ile nyaya ya shaba ya katikati imeota kutu ya kijani na ndani ya nati kuna tone la maji. Nikakata sentimita 5, nikaweka nati mpya, nikapaka grisi na kufunga kwa utepe wa mpira, na waya nikauacha uning'inie kidogo chini ya kiungio ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya kuingia ndani. Tumia waya wa dishi wenye shaba ya maana, ule mwembamba wa bei chee utakula mawimbi yote njiani.

Wanaouliza dishi kwa ajili ya mpira, Azam iko kwenye setilaiti ya digrii 7 mashariki, kwetu huku dishi linaangalia magharibi kwa juu, na dishi la sentimita 60 linaona upana wa kama digrii 3 tu. Kwenye nanga hata sekunde kumi halikai. Yapo madishi ya ndani ya kuba yanayojizungusha yenyewe kufuata setilaiti, Intellian na KVH wameyatengeneza, ila kwa bei yake ni boti nyingine kabisa. Siku ya Simba na Yanga sisi tunasogea ufukweni, dishi tunalichimbia chini kwenye udongo, tunavuta waya mita 15 mpaka botini, na linashika vizuri sana.

Jumamosi iliyopita upepo ulikuwa mkali, boti imegeuka nusu duara wakati wa habari, mjomba yuko kitandani kajifunika shuka mpaka kifuani anatazama. Ilipofika hali ya hewa akaniambia mjomba ongeza sauti kidogo.