Logini ya Kujiwekea Mwenyewe ama Programu ya Klaudi ya Kupanga Kazi: Ofisi Ndogo Inunue Gani Kwanza?

Mwenye aliniuliza hii swali mara ya mwisho ni mama mmoja ako na ofisi ya kupima mashamba hapa Kisumu, watu tisa, wawili kila saa wako Siaya na mmoja Busia, na amejipangia kama shilingi elfu kumi kwa mwezi ya mambo ya kompyuta. Fundi mmoja amemwambia aweke Keycloak kwa seva yake ndio wafanyakazi wote wawe na paswadi moja ya kila kitu. Mwingine amemwambia aachane na hiyo, alipie Trello ama Asana kazi iendelee. Pesa haitoshi zote mbili.

Hivi vitu havifanyi kazi moja. Keycloak na ndugu zake, kina authentik na Authelia, ni askari wa geti: wanajua wewe ni nani na unaruhusiwa kuingia wapi. Trello, Asana na Jira ni ubao wa kazi, nani anaenda shamba gani, ramani ya nani imekwama, mteja gani hajalipa deposit. Kwa hivyo swali si gani ni bora, swali ni gani inakuuma saa hii. Kwa ofisi nyingi za huku nimeingia, kutoka Nakuru mpaka Bungoma, kinachouma ni kazi kupotelea kwa WhatsApp, halafu kinachofuata ni mtu kuacha kazi akiwa bado anaingia kwa mafaili.

Hivi ndivyo naziweka, ile bora ikitangulia.

Namba moja, ubao wa klaudi (unautumia kwa intaneti, seva ni za kampuni ingine) wa bei ya chini, na watu waingie na akaunti ya Google ya ofisi. Trello ya bure inakubali watu 10 na bodi 10 kwa kila sehemu ya kazi, Jira ya bure pia ni watu 10 na nafasi ya GB 2. Huyo mama ako na watu tisa, kwa hivyo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kulipa chochote akiangalia kama watu wake wanausogeza ubao kweli, juu kama hawataufungua hata ulipie wa bei gani ni bure tu. Akifika kulipa, Trello Standard ni dola 6 kwa mtu ukilipa kila mwezi, 5 ukilipa ya mwaka. Watu tisa ni dola 54, kwa dola ya karibu shilingi 129 hiyo ni kama 7,000, weka VAT ya asilimia 16 unapita 8,000. Na ukumbuke mwaka 2024 ulipoanza dola ilikuwa karibu 160, hiyo 7,000 ingekuwa zaidi ya 8,600 kabla hata ya VAT na wewe hujaongeza mtu hata mmoja. Kulipa kwenyewe si shida siku hizi, kadi ya GlobalPay ya M-Pesa iko tangu 2022, lakini hakikisha kuna pesa siku ya kukatwa.

Sasa kitu kimoja nakisisitiza sana. Fungua hizo akaunti na imeli ya ofisi, sio ya mtu. Nimefanya kazi na ofisi fulani Nakuru ambayo bodi zote zilifunguliwa na kijana wa atachimenti kwa imeli yake ya kibinafsi, akamaliza miezi yake mitatu akaenda, na yeye ndiye alikuwa admini peke yake. Kijana hakuwa mbaya, alikuwa tu amebadilisha namba ya simu na hapatikani. Tulikaa wiki mbili tukiandika upya kazi za wateja kutoka kwa vichwa vya watu na meseji za zamani, na kuna mteja mmoja faili yake haikuwahi kukamilika. Weka admini wawili kutoka siku ya kwanza na uwashe ile kodi (code) ya simu ya hatua ya pili, ile namba unaulizwa baada ya paswadi, kwa kila mtu. Hiyo peke yake inakupa sehemu kubwa ya usalama wenye unafikiria utanunua na Keycloak, na haina gharama.

Namba mbili ni ya ofisi iko na fundi wake wa kudumu, anaishi karibu na anajua Linux, ule mfumo wa seva, vizuri: weka vyote viwili, geti na ubao, kwa seva yako. authentik kwa geti, Vikunja ama Deck ya Nextcloud (bao za kazi za kujiwekea mwenyewe) kwa ubao, zote zinaweza kutumia OpenID Connect, njia ya programu kuuliza geti mtu ni nani, bila kulipia ziada. Napenda hii kwa shule na hospitali ndogo zenye programu zao tano sita tayari, kwa sababu mtu akiacha kazi unazima akaunti moja na milango yote inafungwa kwake. Ukiwa na programu mbili tu hiyo faida huioni.

Namba tatu, Keycloak kwako pamoja na ubao wa klaudi. Hapa ndipo nimeona pesa nyingi ikienda vibaya, kwa hivyo soma polepole. Kuunganisha geti lako na ubao wao unahitaji SAML, njia ingine ya geti kuambia programu mtu ni nani, na wenye bao hizi wameifungia kwa mipango ya juu ama malipo ya kando. Kwa Trello inakuja na Enterprise, kwa Asana pia ni Enterprise, kwa Jira unanunua Atlassian Guard juu ya ile unalipa tayari. Yani unaweza kujenga Keycloak safi, ikafanya kazi vizuri, halafu mpango wa dola 6 peke yake haukupi mahali pa kuichomeka. Kuingia na Google kunakubaliwa hata kwa mpango wa bure. Fundi akikuuzia hii mwambie akuonyeshe kwanza, kwa akaunti ya mpango wenye utalipia, ule ukurasa wa kuweka SAML.

Namba nne, ya mwisho kabisa, ni kuanza na Keycloak peke yake ukiwa na watu chini ya ishirini. Programu yenyewe ni nzuri sana, nataka hiyo ieleweke, ilianzia Red Hat mwaka 2014 na tangu 2023 iko chini ya CNCF, shirika la kusimamia programu huria, leseni haina malipo. Shida ni kuitunza. Ni ya Java, inakula RAM, kwa hivyo na Postgres (programu ya kuhifadhi data) kando yake mimi siweki kwa mashini ya chini ya GB 4, na VPS (seva ya kukodi kwa intaneti) ya hivyo pale DigitalOcean ni dola 24 kwa mwezi. Bei inaonekana poa kushinda Trello ya watu tisa, lakini hapo hujamlipa mtu wa kuamka saa tisa usiku. Cheti cha Let's Encrypt, kile cha bure cha kufanya tovuti iaminike, kinaisha kwa siku 90, kisipojirudia hakuna mtu anaingia popote. Na kuna mafundi wanaiwasha kwa ile amri ya start-dev wanaenda nyumbani, hiyo ni ya kujaribia tu, data inakaa kwa faili ndogo ya H2 na sio ya kuwekea watu wa ofisi.

Ukiweka seva ofisini badala ya VPS, ongeza UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, kwa hesabu. Mimi stima ilinipotelea, betri ndogo ya ndani ya mashini inayoshika saa ilikuwa imekufa, seva ikawaka na saa ya uongo na kodi za simu zikakataa zote, juu zile kodi hubadilika kila sekunde 30 na zinategemea saa. Asubuhi nzima watu walikaa nje ya mafaili yao. Siku hizi sikosi akaunti moja ya dharura isiyopitia geti hilo, paswadi imeandikwa kwa karatasi na kufungiwa kwa sefu ya mwenye ofisi.

Klaudi nayo haikuepushi na kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvuta. Aprili 2022 Atlassian walifuta kimakosa tovuti za wateja wao na wengine walikaa karibu wiki mbili bila Jira. Kwa hivyo toa bakapu kila Ijumaa. Jua tu kwamba Trello ya bure inakupa JSON, faili ya kusomwa na programu, ile CSV ya kufungua kwa Excel iko Premium. Na nakala za vitambulisho na hati za mashamba za wateja usizibandike kwa kadi za ubao, sheria ya kulinda data ya 2019 inakuweka wewe kwanza kwa lawama. Ziweke kwa folda ya ofisi yenye watu wachache, kwa kadi andika tu namba ya faili.

Huyo mama alianza na Trello ya bure na imeli za ofisi, admini ni yeye na karani wake. Ile elfu kumi ya mwezi wa kwanza ilienda kwa UPS ya rauta.